Kupanda Umepanda, Kushuka Je?

Vijana wa Kinampanda, leo tunazungumzia mchezo ambao wengi wenu mnaucheza bila hata kuuita mchezo: kupanda miamba. Ukikulia Iramba huwezi kuukwepa. Jiwe liko nyuma ya nyumba, jingine katikati ya shamba la alizeti, na ati kule juu ndiko mtandao wa simu unakoshika vizuri.

Wenzetu wengine wanashindana kabisa. Mchezo huu uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo, mwaka 2021. Hata hapo jirani Kenya, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, watu hupanda nguzo ya mwamba iitwayo Fischer's Tower, yenye urefu wa mita 25 hivi. Lakini wao hutumia kamba maalumu zinazovutika, ambazo hupunguza mshtuko mtu akianguka. Kamba ya katani ya kufungia mizigo haivutiki hivyo. Usijidanganye nayo.

Nilipokuwa kidato cha pili tulishindana kupanda jiwe, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Mwenzetu mmoja akafika juu wa kwanza, tukampigia makofi. Wakati wa kushuka akateleza, akaangukia mgongo. Kwa woga tukamkamata wanne, mikono na miguu, tukambeba kama gunia. Njiani akasema hasikii miguu yake. Mpaka leo anatembelea magongo, na mimi sijui kama kilichomuumiza ni jiwe au ni sisi.

Kwa nini kushuka ni kugumu? Ukipanda, macho yako yanaona mikono inaposhika. Ukishuka, mguu unapapasa mahali usipopaona. Kwa hiyo tafuta njia ya kushukia kabla hujaanza kupanda. Mara nyingi upande wa pili wa jiwe una mteremko wa kawaida tu. Acha miguu ibebe uzito, mikono ishikilie. Gonga jiwe kwa kiganja: likitoa sauti ya uwazi, hilo ni gamba lililobanduka kwa jua la mchana na baridi ya usiku. Usilitegemee. Chungulia pia kwenye nyufa, maana nyuki wa Singida hawana utani.

Sasa tukumbuke fizikia: v² = 2gh. Ukianguka kutoka mita 3, unafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Kumbe ni kama kugongwa na pikipiki! Ndiyo maana mwenzako asimame nyuma yako akiwa ameinua mikono. Kazi yake si kukudaka, ni kukuelekeza utue kwa miguu na kukinga kichwa chako. Ukitua, kunja magoti. Usitangulize mikono, utavunja kifundo.

Na wewe unayependa kuning'inia kwa ncha za vidole: kama bado unarefuka, mifupa ya vidole haijakomaa karibu na viungo, na inaweza kupasuka. Kidole kikiuma, pumzika. Kisipopoa, nenda zahanati. Siyo uoga huo.

Ajali ikitokea, kwanza tazama kama anapumua. Kama anatokwa damu nyingi, bana jeraha kwa kitambaa safi. Ikiwa ameangukia mgongo, shingo au kichwa, asisogezwe. Mmoja ashike kichwa kisigeuke, mwingine akimbilie msaada. Mkilazimika kumhamisha, mgeuzeni watu wanne kwa hesabu moja, mwili mzima kama gogo, kisha alale juu ya ubao au mlango. Mfupa uliotokeza nje usiurudishe ndani, ufunike tu. Jeraha lenye udongo linahitaji chanjo ya pepopunda, siyo kinyesi cha ng'ombe.

Aliyegonga kichwa asiachwe peke yake kwa saa 24, hata akisema yuko poa. Akitapika, akisinzia ovyo, akipata degedege au akitokwa majimaji sikioni, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Zoezi: kokotoeni kasi ya mtu aliyeanguka kutoka mita 5. Halafu mlazeni mwenzenu mmoja darasani, mmoja ashike kichwa, mjaribu kumgeuza kwa hesabu ya tatu. Mara ya kwanza mtacheka na kichwa kitabaki nyuma. Rudieni.