Majilio: Kimya cha Zakaria na Kununiana Kwetu



Majilio ndio mwanzo wa mwaka wa Kanisa. Huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, na huwa na Jumapili nne. Padre huvaa zambarau, na Utukufu hauimbwi Jumapili hizo. Mpaka tarehe 16 Desemba masomo hutukumbusha hasa kwamba Bwana atarudi. Kuanzia tarehe 17 hututayarisha kwa kuzaliwa kwake.

Nyumbani nako kuna matayarisho: nauli ya kwenda mashambani, nguo za watoto, karo ya Januari. Hayo ni mahitaji ya kweli. Lakini nyumba inaweza kupakwa rangi huku mioyo ya wenye nyumba haijafagiliwa.

Tuchukue mfano. Mume, mkulima wa majani chai, alipokea bonasi mwezi wa Oktoba akaitumia bila kumweleza mkewe. Mke akapata habari kwa jirani, na maneno yakawa makali. Tangu siku hiyo wanazungumza kupitia kwa mtoto: "Mwambie baba yako chakula kiko tayari." Kanisani wanaketi benchi moja, lakini wakati wa kutakiana amani kila mmoja humpa mkono jirani wa upande wa pili. Wote wawili wanasali. Mume anaomba mkewe apunguze mdomo. Mke anaomba mumewe aongoke. Hakuna anayejiombea mwenyewe.

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

KIMYA CHA NAMNA MBILI

Injili ya Luka, sura ya kwanza, inatuonyesha nyumba nyingine yenye kimya. Zakaria na Elizabeti walikuwa wazee, tena hawakuwa na mtoto. Luka anasema wote wawili walikuwa wenye haki mbele ya Mungu. Hata hivyo, Malaika Gabrieli alipomletea Zakaria habari za mtoto hekaluni, hakusadiki, akawa bubu mpaka siku mtoto alipopewa jina.

Fikirini miezi hiyo yote. Zakaria alikuwa kuhani, mtu wa kusema mbele ya watu, na sasa hawezi hata kujitetea. Alibaki na kazi moja: kusikiliza. Siku ya nane baada ya mtoto kuzaliwa, Elizabeti alisema ataitwa Yohane. Jamaa wakapinga, wakamgeukia baba. Zakaria akaomba kibao, akaandika jina lile lile alilolisema mkewe. Hapo ulimi wake ukafunguliwa, na neno lake la kwanza likawa la kumsifu Mungu.

Basi kuna kimya cha kununa, ambacho mtu hukitumia kumwadhibu mwenzake. Na kuna kimya cha Majilio, ambacho mtu hukitumia kujitazama mwenyewe mbele ya Mungu. Cha kwanza hufunga mlango. Cha pili huufungua.

Tuelewane hapa: kimya hiki si kuvumilia kipigo. Mwenye kupigwa asifiche. Atafute usalama na msaada mapema.

LA KUFANYA KATIKA MAJUMA MANNE

Juma la kwanza. Kila jioni, kila mmoja akae peke yake dakika kumi. Ajiulize: leo nimesema nini kilichomuumiza mwenzangu? Nimemficha nini? Makosa ya mwenzako yaache nje kwa dakika hizo.

Juma la pili. Nendeni mkapokee Sakramenti ya Kitubio. Ungama dhambi zako. Usimpelekee padre dhambi za mkeo au za mumeo.

Juma la tatu. Jumapili ya tatu ni ya furaha, na padre anaweza kuvaa rangi ya waridi. Watoto wakishalala, zungumzeni. Anza na "mimi", si na "wewe". Mume wa mfano wetu aseme, "Mimi nilitumia pesa zetu bila kukushirikisha, nisamehe." Mke naye aseme, "Mimi nilikujibu kwa matusi, nisamehe." Mwenzako akisema, usimkatize.

Juma la nne. Sasa chukueni karatasi na mpange pamoja: karo kiasi gani, Noeli kiasi gani, na fungu la jirani asiye na kitu. Mkimaliza salini pamoja, hata kama ni Baba Yetu moja tu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani. Katika Kanisa hilo, ninyi wawili ndio watoto wanaowatazama kujifunza jinsi watu wanavyosameheana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, nyumbani kwetu kimya ni cha kusali au cha kuadhibu?
2. Ni jambo gani ambalo mwenzangu amekuwa akiniambia, nami sijalisikia?
3. Tumewahi kuwatuma watoto wetu kubeba maneno ya ugomvi wetu?

Bwana yu karibu. Anapokuja, na atukute tunazungumza.