Ngozi Ina Mwendo Wake: Kijitabu cha Urembo na Afya ya Kila Siku

Kijitabu hiki ni cha msichana anayesuka kwa ajili ya Idi au Krismasi, cha mama anayempaka mwanawe wanja, cha bwana anayenyoa ndevu kila Ijumaa, na cha bibi ambaye hajalala hata siku moja bila kujipaka mafuta. Hatukukiandika ili kumkataza mtu kujipamba. Kujipamba ni raha ya halali, na mtu aliyeoga, akajipaka, akanukia vizuri, hutoka nyumbani akiwa na uso mkunjufu. Hilo nalo ni afya.

Tunachoomba ni kwamba kila unaponunua kipodozi, ujiulize kinakuuzia nini hasa. Vipodozi vingi vinavyodhuru vinauza haraka: piko linalokolea ndani ya nusu saa, krimu inayong'arisha uso kwa wiki moja, msuko wa kukaa miezi mitatu bila kuguswa. Ngozi haiendi hivyo. Tabaka lake la juu hujifanya upya kwa muda wa wiki nne hivi, na kinachoahidi kuifupisha safari hiyo huwa kinachubua, kinachoma au kinatia sumu.

Kuoga, kujipaka, kujifukiza

Watu wengi wanaolalamika kuwa ngozi yao ni kavu na inapauka hawana ugonjwa wowote. Wanaogea sabuni ya mche, ile ile ya kufulia, tena kwa maji ya moto. Sabuni ya namna hiyo huondoa uchafu pamoja na mafuta ambayo ngozi imejitengenezea yenyewe. Tumia sabuni laini, na uitumie palipo na jasho na harufu: kwapani, sehemu za kinena, miguuni. Mikono na mapaja, kama hukushinda shambani au gereji, siku nyingi yanatosheka kwa maji. Wanawake wakumbuke kuwa uke hujisafisha wenyewe kwa ndani. Kuuosha kwa sabuni, ndimu au dawa za kunukia kunaua vijidudu vinavyoulinda, na ndipo harufu mbaya inapoanza.

Jipake mafuta mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, ili mafuta yafungie maji ndani. Ukijifuta hadi ukakauka kabisa, ukazungukazunguka kwanza ndipo ujipake, umechelewa. Mafuta ya mgando ya bei ndogo yanafanya kazi hiyo vizuri kama losheni ya bei kubwa, na hili tunalisema bila kusita. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mwili, lakini mwenye chunusi asiyapake usoni kwa sababu huziba vitundu vya ngozi. Dodoki nalo lianikwe likauke kila baada ya kutumika. Likikaa na maji bafuni siku nzima huota kuvu, na wewe kesho unajisugulia kuvu hao.

Visiwani Unguja na Pemba, na kwingi katika mwambao, kina mama wanayo singo. Huchanganya liwa, asmini, waridi, mlangilangi na karafuu kidogo, vikatwangwa, vikalowekwa kwa marashi, kisha bi harusi akasuguliwa mwili mzima mpaka mchanganyiko ule ukauke na kupukutika mikononi mwa anayemsugua. Ukiuangalia utauona umekuwa mweusi, kwa sababu unatoka na ngozi iliyokufa na uchafu uliojificha. Ngozi inayobaki ni laini na inanukia siku mbili tatu. Kwa nini raha hii iwe ya maharusi tu? Mara moja kwa wiki inatosha, nyumbani, na dada au shoga wa kukusugua mgongo huku mkizungumza. Karafuu iwe kidogo kweli, kwani mafuta yake ni makali na yanaweza kuunguza. Usijisugue singo mahali penye kidonda au paliponyolewa siku hiyo.

Udi na ubani havina ubaya, ila moshi ni moshi. Fungua dirisha. Mwenye pumu na mtoto mchanga wakae chumba kingine, na chetezo chenye makaa kisiachwe chini ya nguo bila mtu wa kukiangalia.

Hina na piko si kitu kimoja

Hapa tunaomba usomaji wa makini, kwa sababu hatari imejificha ndani ya kitu tunachokipenda.

Hina halisi ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Unga wake ni wa kijani, wenye harufu ya majani makavu. Ukikandwa kwa maji ya ndimu au chai ya rangi na kuachwa saa kadhaa, rangi iliyomo huachia, na ukipakwa mwilini rangi hiyo hushikana na protini ya ngozi. Inataka saa nne, sita, au usiku kucha. Ukibandua asubuhi utaona rangi ya chungwa na pengine utahuzunika. Usihuzunike. Huendelea kukolea kwa siku moja au mbili hadi kuwa nyekundu ya damu ya mzee au kahawia nzito, na viganjani na nyayoni hukolea zaidi kwa kuwa ngozi ya hapo ni nene. Kisha hufifia polepole kadiri ngozi inavyojibadilisha.

Hina halisi haiwi nyeusi tii. Ukiona piko jeusi kama wino, lililokolea kabla hujamaliza kikombe cha kahawa, ujue lina rangi ya kupakia nywele. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD, ambayo sheria za nchi nyingi zinairuhusu katika rangi za nywele kwa kiwango maalumu na haziiruhusu kupakwa moja kwa moja juu ya ngozi. Baadhi ya watu hupakwa wasione kitu. Wengine, siku chache baadaye, ua lililochorwa mkononi huvimba, likawasha, likatoa malengelenge yanayofuata kila mstari wa mchoraji. Kovu au baka linaweza kubaki na umbo lile lile la ua. Aliyepata mzio huo mara moja anabaki nao maishani, na akija kupaka rangi nywele miaka kumi baadaye anaweza kuvimba uso mzima hadi macho yakafunga.

Kwa hiyo muulize mchoraji amechanganya nini. Mchoraji mwema atakuonyesha unga. Akikataa, au akisema ni siri ya kazi yake, mshukuru, uondoke. Tunajua kwamba siku ya kupamba harusi kuna wageni hamsini wanaosubiri mikono yao na mchoraji ni mmoja. Basi bi harusi apakwe hina siku mbili kabla, na rangi itakuwa imefika kileleni siku yenyewe.

Watoto wachanga wasipakwe hina kabisa, hata ile halisi. Katika maeneo yenye malaria nyingi, wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, na hina iliyopakwa sehemu kubwa ya mwili wa mtoto kama huyo inaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu. Dalili ni macho kuwa ya manjano na mkojo kuwa mweusi. Hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Wanja wa mtoto

Wanja wa manga unaouzwa kwa unga au jiwe mara nyingi una madini ya risasi. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto: huharibu ubongo unaokua, na mara nyingi athari yake haionekani hadi mtoto afike shule. Mtoto hupakwa wanja machoni, akajifikicha, kisha akatia kidole mdomoni. Wapo wanaompaka ili apendeze na wapo wanaompaka kumkinga na jicho baya, na nia zote mbili zinatokana na mapenzi. Tunachoomba ni kumwacha macho yake kama yalivyo. Wala wanja usipakwe kwenye kitovu kibichi.

Nywele na ndevu

Ukimaliza kusukwa na huwezi kukunja nyusi, au umelazimika kumeza panadol ili ulale, msuko huo umebana mno. Vipele vidogo vyeupe kwenye mizizi ni shahidi wa pili. Nywele za kwenye paji la uso na juu ya masikio ndizo dhaifu kuliko zote, nazo zikivutwa mwaka baada ya mwaka kinyweleo hufa na ngozi kubaki laini kama kiganja. Mapema bado zinarudi. Ukichelewa hazirudi tena. Mwambie msusi alegeze mbele, usiogope kuonekana unajifanya. Rasta nzito zisikae zaidi ya wiki sita hadi nane, na baada ya kufumua kipe kichwa mapumziko ya twende kilioni au nywele zako tu, zikipakwa mafuta na kufungwa kilemba. Dawa ya kulainisha nywele ikianza kuchoma, osha hapo hapo. Kuvumilia hakuzilainishi zaidi, kunaunguza ngozi.

Kwa wanaume, vipele vya kidevuni hutokana na ndevu za kipilipili zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi baada ya kunyolewa karibu sana. Acha ncha fupi ibaki, nyoa kuelekea zinakolala, usipitishe wembe mara tatu mahali pamoja. Kinyozi asafishe mashine kwa spiriti mbele yako, na wembe uwe mpya, maana mapunye husafiri kwa mashine na virusi vya homa ya ini ya B husafiri kwa damu isiyoonekana.

Mkorogo

Idadi ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi ni karibu sawa kwa watu wote duniani. Tofauti iko katika kiasi cha rangi zinachotengeneza, na rangi hiyo ni kinga dhidi ya jua. Watu wenye ualbino, ambao wana kidogo sana au hawana, wanajua gharama yake: mikono mirefu, kofia pana, na losheni ya jua kila siku, kama Kilisun iliyoanza kutengenezwa Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC. Anayejichubua anaitupa kwa fedha yake kinga ambayo mwenzake anaitafuta.

Sokoni mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua, hutengenezwa mbele ya macho yako. Muuzaji ana beseni la plastiki. Anakamulia tyubu mbili tatu za dawa ya ngozi ya duka la dawa, anamwagia losheni ya chupa, anaongeza kitone cha kitu kisicho na lebo, anakoroga kwa kijiti, anachota kwa kijiko na kutia ndani ya kikopo kilichokuwa cha kitu kingine. Hakuna anayejua kilichomo, hata yeye.

Kwa kawaida kilichomo ni kimoja kati ya vitu vitatu, au vyote. Haidrokwinoni huzuia rangi kutengenezwa, na ikitumika kwa muda mrefu juani huleta mabaka ya bluu na nyeusi mashavuni yasiyotoka. Steroidi hukondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana, huleta michirizi, na kwa anayepaka mwili mzima huingia damuni na kupandisha sukari na shinikizo. Mwanamke anayeipaka, akifanyiwa upasuaji wa uzazi, anaweza kukuta kidonda hakifungi vizuri. Zebaki ndiyo mbaya kuliko zote, kwani hushambulia figo na neva, humfikia mtoto tumboni, na hubaki kwenye taulo na mito wanayolalia wengine nyumbani.

Dunia inaijua zebaki kwa machozi. Katika mji wa Minamata, Japani, watu waliokula samaki wenye zebaki ya kiwandani walianza kupooza na kutetemeka, na ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2013 ulipewa jina la mji huo, nao unataka vipodozi vyenye zebaki viondolewe sokoni. Rwanda ilianza msako mkali wa krimu za kujichubua mwishoni mwa 2018. Nchini Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa shirika la viwango, TBS, mwaka 2019. Kenya ni shirika lake la viwango, KEBS. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila meza ya soko, kwa hiyo soma kopo mwenyewe. Maneno ya kuogopa ni mercury, calomel, hydroquinone, clobetasol na betamethasone. Kopo lisilo na orodha ya vilivyomo lihesabu kuwa linayo yote.

Ukitaka kuacha

Hatumlaumu aliyetumia. Wengi walianza wakiwa bado wadogo, kwa neno walilosikia nyumbani.

Kama unashuku zebaki, acha leo hii na uombe kupimwa mkojo, hasa kama una mimba au unanyonyesha. Usichome kopo wala kulitupa jalalani, kwani moto hugeuza zebaki kuwa mvuke. Lifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, umkabidhi afisa afya wa kata. Taulo na foronya ulizotumia zisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Kama ni krimu za steroidi ulizopaka mwili mzima kwa miezi au miaka, usiache ghafla peke yako. Ngozi inaweza kuwaka, kuvimba na kuwasha kuliko ulivyowahi kuona, na wengi hurudia mkorogo wakidhani ndio tiba. Daktari hukupunguzia kidogo kidogo. Wakati huo paka mafuta ya mgando tu, vaa kofia, kaa kivulini saa za mchana. Rangi yako inaweza kurudi bila mpangilio, sehemu moja ikitangulia na nyingine ikifuata, na inaweza kuchukua miezi mingi.

Ukienda kliniki, nenda na kopo lenyewe, hata kama halina jina na limebaki mkwaruzo chini. Daktari akijua ulichopaka anajua pa kuanzia.