Ng'ombe Asiyeshika Mimba: Anzia Miezi Miwili Kabla Hajazaa

Ng'ombe wako wa maziwa alizaa, kondo la nyuma likachelewa kutoka, na tangu hapo kila akipandishwa anarudia joto. Huenda umeshamlaumu mhamilishaji, na wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingi shida ilianza kabla hajazaa, horini.

Mwili unapogeuza chakula kuwa nguvu, huzalisha pia chembe kali zinazoweza kuharibu seli. Kwa kawaida huzizima kwa msaada wa vitamini E na madini kama seleniamu, zinki na shaba. Wiki tatu kabla ya kuzaa na wiki tatu baadaye mzigo huongezeka: ndama anamalizia kukua, maziwa yanaanza, huku ng'ombe mwenyewe akila kidogo. Chembe hizo zikizidi nguvu ya mwili kuzizima, wataalamu husema ana mkazo wa oksidesheni. Hapo kinga hushuka, kondo huweza kunasa, kizazi kikapata maambukizi na mimba ikachelewa kushika.

Ufanye nini? Mimba ya ng'ombe huchukua takribani siku 283. Hesabu tangu tarehe ya kupandishwa, kisha mkaushe, yaani uache kumkamua, siku 60 kabla ya kuzaa. Katika siku hizo mpe majani mabichi kila siku, hata kama ni kidogo: matete, lukina, desmodiamu, majani ya viazi vitamu. Vitamini E imo humo, na majani yakianikwa juani sehemu kubwa hupotea. Ndiyo maana anayezaa kiangazi, akiwa amelishwa mabua matupu, yuko hatarini zaidi.

Mpe pia chumvi ya madini; hiyo ndiyo gharama utakayoiona. Kwenye duka la pembejeo soma lebo uone kama ina seleniamu. Chumvi ya jikoni haitoshi. Kwa gramu 100 kwa siku, siku 60 zitamaliza kilo 6, hivyo uliza bei ya kilo upige hesabu. Fuata kipimo cha lebo. Ipo pia sindano ya vitamini E na seleniamu, lakini usiichome mwenyewe wala kuirudia kwa kukisia: seleniamu ikizidi huua. Mwachie daktari wa mifugo, na mwambie ni madini gani unayompa tayari.

Kivuli na maji ya kutosha muda wote visikosekane, maana joto kali huongeza mkazo huohuo.

Baada ya kuzaa, kondo hutoka kwa kawaida ndani ya saa 12. Likifika saa 24 halijatoka, mwite daktari. Usilivute, wala usilifungie jiwe, utachana kizazi. Vaa glavu, kwa kuwa kondo kunasa huweza pia kuwa dalili ya brusela, ugonjwa unaoambukiza watu. Lifukie, usiwape mbwa, na maziwa yachemshwe.

Kuanzia siku ya 60 hivi baada ya kuzaa anaweza kupandishwa. Mchungulie asubuhi, jioni na kabla ya kulala. Ukiona joto asubuhi, apandishwe jioni ileile. Asiposhika, hurudia joto baada ya siku 21 hivi. Akipandishwa mara tatu bila kushika, usinunue mbegu ya nne. Fedha hiyo ilipie kwanza uchunguzi wa kizazi.