Kichocho na Kazi ya Maabara: Maelezo kwa Watu wa Nyumbani

Dibaji

Kichocho ni maradhi ya zamani katika kisiwa cha Pemba, na watu wa mabonde ya mpunga na wa kandokando ya vijito wameishi nayo muda mrefu. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya akina baba na akina mama, na mababu na mabibi wanaolea wajukuu, ili wajue namna maradhi haya yanavyoingia mwilini, namna maabara ya afya ya jamii inavyoyafuata na kuyakatia njia, na ile sehemu ya kazi ambayo hapana awezaye kuifanya ila wao wenyewe.

Njia ya maradhi

Kichocho huletwa na minyoo midogo ikaayo ndani ya mishipa ya damu iliyozunguka kibofu cha mkojo. Tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, aliigundua mwaka 1851 mjini Cairo alipokuwa akichunguza maiti. Walakini ilipita miaka zaidi ya 60 kabla ya mtaalamu wa Uingereza, Robert Leiper, kuthibitisha huko huko Misri, mwaka 1915, kwamba maradhi haya hayatoki kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine ila kwa kupitia konokono wa maji baridi.

Dume na jike la minyoo hiyo huweza kukaa pamoja mwilini miaka mingi, na jike hutaga mayai kila siku. Baadhi ya mayai hutoboa ukuta wa kibofu yakatoka pamoja na mkojo, na kutoboa huko ndiko kunakoleta damu. Mengine hunasa ndani ya nyama yakaacha makovu. Mtoto akikojoa kijitoni, mayai huanguliwa majini, na kijidudu kitokacho humo humtafuta konokono wa jamii ya Bulinus, kikamwingia na kuzaliana ndani yake kwa majuma kadhaa. Kisha konokono huyo huwa anamwaga majini vijidudu vingine vingi vyenye mkia wa panda, hasa jua linapokuwa kali, navyo hupenya ngozi nzima isiyo jeraha kwa muda wa dakika chache tu, ilhali mwenye ngozi anaoga, anafua, anavua au anapandikiza mpunga, wala hana habari.

Madhara yake hayaishii katika mkojo mwekundu. Mtoto hupungukiwa na damu, akadhoofu na kurudi nyuma katika masomo. Na miaka ikipita bila ya tiba, kibofu na figo huweza kuharibika, na hata saratani ya kibofu huweza kutokea. Kwa wanawake, mayai hunasa katika njia ya uzazi yakasababisha vidonda, maumivu, kutokwa na damu na pengine ugumba. Na kwa kuwa vidonda hivyo mara nyingine hudhaniwa kuwa ni maradhi ya zinaa, huenda mke akatuhumiwa kwa jambo asilolitenda, kumbe asili yake ni maji aliyoyaoga utotoni.

Kazi ya maabara

Huko Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, ipo maabara ya afya ya jamii iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa Kiitaliano wa elimu ya vimelea. Maabara ya hospitali humngoja mgonjwa aje akiwa amekwisha kuumwa. Maabara ya namna hii huwaendea watu wazima, huwaendea watoto wa skuli wanaocheza uwanjani bila ya kulalamikia chochote, na huyaendea hata maji na konokono, kwa sababu swali inaloulizwa ni hili: maradhi yako shehia gani, ni mengi kiasi gani, na yanatoka kijito kipi.

Mkojo wa kupimwa hutakiwa utolewe kati ya saa nne za asubuhi na saa nane za mchana, kwa kuwa ndiyo saa ambazo mayai hutoka kwa wingi. Ukifika maabara, chupa hutikiswa kwanza ili mayai yaliyozama yachanganyike. Kisha mililita 10 huvutwa kwa bomba la sindano na kusukumwa kupitia kichujio chembamba mno, kinachopitisha maji na kuzuia mayai. Kichujio huwekwa juu ya kioo, huongezwa tone la iodini, na kioo hutiwa chini ya hadubini. Hapo ndipo yai linapodhihiri, jembamba, lenye mwiba mmoja nchani, na urefu wake ni kadiri ya sehemu moja katika sehemu saba za milimita. Mwiba huo wa nchani ndio alama ya kichocho cha mkojo, kwani yai la kichocho cha tumbo lina mwiba wa ubavuni. Mtaalamu huyahesabu mayai moja moja: yakiwa chini ya 50 katika mililita 10, maambukizi huitwa mepesi, yakifika 50 au kuzidi, huitwa mazito.

Kazi ya pili hufanywa mtoni. Wataalamu waliovaa mabuti marefu na glavu hukusanya konokono katika majani ya ukingoni, wakamtia kila mmoja katika chombo chake chenye maji safi na kuviweka vyombo hivyo mwangani. Baada ya saa kadhaa maji huchunguzwa, na konokono mmoja tu aliyetoa vijidudu vyenye mkia wa panda ni shahidi wa kutosha kwamba mahali pale si salama. Bila ya ushahidi huo, dawa ya kuua konokono ingemwagwa kwa kubahatisha. Nayo si dawa ya kubahatisha, kwa kuwa huua samaki na vyura pia.

Baina ya mwaka 2012 na 2017 palifanyika juhudi kubwa Unguja na Pemba. Dawa ya kumeza iligawiwa kwa watu wa shehia mara mbili kwa mwaka. Katika baadhi ya shehia iliongezwa dawa ya konokono, na katika nyingine yaliongezwa mafunzo ya kubadili mwenendo, na maabara zikawa zinapima mwaka hadi mwaka kuona lipi linafaa. Maambukizi yalipungua sana na yale mazito yakawa nadra, lakini hayakuisha, na ziko shehia ambazo yalibaki au yakarudi tena.

Hapa ndipo penye jambo linalowatatiza wengi. Maradhi yanapokuwa mengi, kila nyumba huiona damu na hapana anayebisha. Yanapopungua, mayai huwa machache, mkojo huonekana safi, na watu husema kwamba kupimwa sasa ni usumbufu mtupu. Ukweli ni kinyume chake. Mtoto mwenye mayai machache asiyejisikia maumivu huweza kuutia ugonjwa kijito kilichokuwa kimekwisha kutakasika, kwani yai moja likimpata konokono huzaa vijidudu kwa maelfu. Na mtoto huyo hajulikani kwa macho ya mzazi wala ya mwalimu, hujulikana kwa hadubini peke yake. Kwa hiyo kadiri maradhi yanavyopungua ndivyo haja ya kupima inavyozidi.

Wajibu wa nyumba

Kwanza ni choo. Mkojo na kinyesi visifike mtoni, na mtoto afundishwe hivyo tangu udogoni, hata anapokuwa mbali na nyumbani akichunga au akicheza.

Pili ni maji. Inapowezekana, kuoga na kufua kufanywe kwa maji ya bomba au ya kisima kilichojengwa vizuri. Asiye na budi kutumia maji ya kijito ayachote, ahakikishe hamna konokono, ayafunike na kuyaacha siku mbili kamili kabla ya kuyaoga, kwa kuwa vijidudu vya kichocho havidumu zaidi ya hapo, au ayachemshe. Tahadhari hii ya kuyatuliza maji inahusu kichocho tu, wala haiwaui wadudu wa kipindupindu na homa ya matumbo. Maji ya kunywa hayana budi kuchemshwa au kutiwa dawa.

Tatu ni dawa. Prazikwanteli hutolewa kwa kadiri ya uzito, na wagawaji aghalabu huukadiria kwa kijiti cha kupimia urefu. Mtu ale chakula kwanza, kwani dawa hii huweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya tumbo, mambo ambayo kwa kawaida hupita upesi. Mama mjamzito na mwenye mtoto mdogo amuulize mhudumu wa afya kabla ya kumeza. Dawa huwaua minyoo waliokomaa, lakini huweza kuwaacha walio wachanga. Wala haimkingi mtu anayerudi katika maji yale yale. Ndiyo sababu hurudiwa.

Nne ni ukweli wa sampuli. Mtu akiona haya akajaza chupa kwa mkojo wa ndugu yake, au akaongeza maji, huwa ameiandikia shehia yake habari ya uongo, na dawa huenda ikapelekwa kusikohitajika. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na neno hilo lina nafasi yake hapa: anayeficha mkojo wake hupoteza tiba yake na kinga ya majirani zake.

Maswali yaulizwayo mara kwa mara

Je, kichocho huambukizwa kwa kula au kulala pamoja na mgonjwa? La. Hupatikana kwa kugusa maji yenye vijidudu vilivyotoka kwa konokono.

Je, msichana akiona damu katika mkojo, si hedhi tu? Huenda ikawa hedhi, na huenda ikawa kichocho. Asinyamaze, amwambie mama, shangazi au bibi yake, na apelekwe zahanati akapimwe.

Je, mtoto wangu ana haki ya kukataa kupimwa, na majibu yake ataonyeshwa nani? Mzazi huelezwa na kuombwa ridhaa, na mtoto naye husikilizwa. Majibu ya mtu ni amana: hupewa yeye au mzazi wake pamoja na tiba, na wakuu wa afya hupewa hesabu ya shehia bila ya majina.

Je, tutapimwa mpaka lini? Mpaka ipite miaka ambayo hakuonekana mtoto mwenye yai wala konokono mwenye vijidudu. Na hata baada ya hapo, kupima kutaendelea kwa uchache, kwa sababu mgeni mmoja mwenye maradhi na konokono walio mtoni wanatosha kuyaanzisha upya.