Mabua ya Alizeti Yatakwenda Wapi?
Mimea na udongo wenye sumu Mavoko

Hadi mwisho wa 2005, magari mengi ya petroli yaliyopita Mlolongo na Athi River kwenye barabara kuu ya Mombasa yalichoma petroli yenye risasi. Kenya iliachana na petroli hiyo, lakini risasi iliyotua kando ya barabara haiozi. Eneo hilo la Mavoko, Machakos, lina pia viwanda vingi, na gereji za jua kali ambako oili chafu na asidi ya betri kuukuu humwagwa chini.

Mimea husaidia, ila kwanza ijulikane ni uchafu gani.

Oili huvunjika kweli. Ikipandwa nyasi au mikunde palipomwagika, ikatiwa samadi na kumwagiliwa, mizizi hulisha bakteria wa udongoni, nao huivunja oili taratibu. Risasi haivunjiki. Mmea utaivuta juu au utaishikilia chini, basi.

Alizeti na haradali zinasifiwa kwa kuvuta. Lakini risasi hung'ang'ania udongo, hivyo kila msimu huondoka kidogo sana. Mabua yaliyovunwa nayo sasa ni taka yenye sumu: akilishwa ng'ombe, au yakiwashiwa moto jikoni, sumu imeingizwa nyumbani. Tena haradali ni ya ukoo mmoja na sukuma wiki. Shamba linaloshukiwa lisipandwe mboga za majani, hata zikinawiri namna gani.

Kwa familia nyingi, kushikilia chini ndiko kunakofaa. Nyasi ya vetiva hupeleka mizizi mita 3 au zaidi, huacha sehemu kubwa ya risasi mizizini, na huzuia vumbi na mmomonyoko. Wakulima wa Machakos wamezoea kukata nyasi ya nepia kwenye kingo za matuta ya fanya juu na kuwapelekea ng'ombe. Vetiva ya kazi hii isikatiwe mifugo kamwe. Njia hiyo ya kushikilia chini ilijaribiwa pia Lubumbashi, Kongo, ambako moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza 1911 uliua mimea ya mtaa wa Penga Penga. Watafiti walichanganya chokaa na mboji kwenye udongo, kisha wakapanda nyasi za kienyeji zinazostahimili shaba. Shaba haikuondolewa, ilifungwa pale pale, na ardhi ikafunikwa.

Kuchelewa kuna gharama. Kuhusu risasi iliyochafua mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, mahakama iliagiza Julai 2020 udongo usafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe Sh700 milioni za kazi hiyo.

Kabla ya kununua miche, udongo upimwe. Mkulima achote sehemu kadhaa za shamba, kina cha sentimita 15 hadi 20, achanganye, na akifika maabara ataje kwa majina risasi na metali nyingine nzito kama kadimi. Kipimo cha kawaida cha rutuba huangalia naitrojeni, fosforasi, potasiamu na asidi ya udongo. Metali hizi hakizigusi.