Maji Kwanza, Shimo Baadaye

Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji wa vilima. Katika njia za udongo zinazopanda kwenda vitongojini na mashambani, mvua kubwa ya mchana mmoja yatosha kuchimba korongo katikati ya barabara. Watu hutoka na majembe, hujaza udongo, na mvua inayofuata huusomba wote. Sababu yake inahesabika.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kipande cha barabara chenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 100 kikinyeshewa milimita 30, kimepokea lita 18,000, yaani tani 18. Ongeza yale yanayotiririka kutoka kwenye mabati ya nyumba na mashamba ya juu.

Maji yakitandaa kama utando mwembamba, ardhi huyakwaruza na kuyapunguza kasi. Yakikusanyika kwenye mkondo uliochimbwa na magurudumu, ni tabaka la chini tu linalogusa udongo. Yaliyo juu yake hukimbia. Kasi ikiongezeka mara 2, msukumo juu ya jiwe lilelile huwa mara 4. Hivyo maji yanaweza kuviringisha jiwe lenye kipenyo mara 4 ya lile la awali, na uzito wa jiwe hilo ni 4 × 4 × 4, yaani mara 64. Ndiyo maana mfereji mdogo wa asubuhi huweza kuwa korongo jioni.

Basi dawa ni kuyanyima maji safari ndefu. Katikati ya barabara painuliwe: kwa upana wa mita 6, kimo cha sentimita 15 juu ya kingo kinatosha. Tone litakwenda mita chache tu kufika mtaroni, badala ya kuteremka mita 100. Mtaro nao usiachiwe maji yote hadi bondeni. Kwenye mteremko mkali, kila mita 20 au 30 ukatwe mchepuko wa kuyatoa nje, kwenye nyasi. Katikati ya michepuko, vizuizi vya mawe vipunguze kasi. Sehemu ya kati ya kizuizi iwe chini kuliko kingo zake, la sivyo maji yatazunguka pembeni na kubomoa ukuta wa mtaro.

Baada ya hapo ndipo shimo lijazwe. Tope litolewe, na matawi na takataka pia, kwa kuwa hivyo viwili huoza na kuacha uwazi. Udongo wa mfinyanzi peke yake huteleza, changarawe peke yake hutawanyika, vichanganywe. Udongo uwe na unyevu wa kushikamana ukiufumbata ngumini, bila kuchuruzika. Utandazwe kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15, kila moja likishindiliwa kabla ya linalofuata, maana kushindilia hufukuza hewa na kuzibana chembe zishikane.

Kwa maoni yangu, kazi ngumu kuliko zote ni ile ya mchepuko, kwa sababu humwaga maji kwenye ardhi ya mtu. Siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya jamii, pandeni kwanza hadi juu mlimani, mwone maji yanakoanzia, kisha mketi na wenye mashamba ya kando mkubaliane yatapita wapi. Majembe yafuate.