Jua Haki Zako: Kihamba cha Baba Kinauzwa, Binti Ana Sauti?

SWALI: Baba alifariki akaacha kihamba (shamba la ukoo) alichorithi kwa babu, makaburi yao yamo humo humo, kati ya migomba na kahawa. Kikao cha ukoo kilimchagua kaka awe msimamizi. Mimi nilirudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, na ndimi ninayepalilia. Juzi kaka alikuja na mnunuzi, wakapima kwa kamba na kung'oa masale, mimea inayoonyesha mpaka. Ananiambia mwanamke hana kihamba. Nifanyeje?
Msomaji, Rombo

JIBU: Pole, dada. Tuanze na kaka yako. Ukoo hupendekeza tu. Anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, na kwa mirathi ya kimila ni Mahakama ya Mwanzo. Nenda kaulize kama kuna shauri la mirathi ya marehemu. Kama halipo, kaka hana mamlaka ya kuuza hata mgomba mmoja, na mnunuzi atakuwa amenunua kesi.

Kama ameteuliwa, bado si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki kwa warithi. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali, yaani Fomu Na. 5, kisha hesabu, yaani Fomu Na. 6, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Akikiuka, mwombe hakimu atengue uteuzi wake.

Kuhusu “mwanamke hana kihamba”: kanuni za mirathi za kimila za mwaka 1963 bado zimo vitabuni, na wazee watakutajia. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Hata kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ilimpa mwanamke wa Kihaya haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi.

Wiki hii fanya haya. Piga picha mashimo ya masale, ukiwa na majirani wa mipaka wawe mashahidi. Iandikie Halmashauri ya Kijiji barua ya kupinga uuzaji, kwa kuwa ardhi ya kijiji haihamishwi bila idhini yake. Nakala yako igongwe muhuri wa “imepokelewa”. Fuatilia cheti cha kifo, kisha uende mahakamani. Huna fedha za wakili? Ulizia msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua.

Mwisho, usikimbilie kudai kipande chako. Kihamba kikikatwa vipande vipande hakilishi nyumba hata moja. Warithi mnaweza kukubaliana kukimiliki pamoja na kuomba hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina yenu wote. Atakayeleta kamba siku nyingine atakuta majina yote hayo, na lako likiwemo.